SOMO: TAA YA MFUKO WA HEWA INAPOWAKA KATIKA GARI LA CHAMA



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, na uhai wa anayeketi mbele, awe mwenyekiti au karani wa mizani, ni dhamana yetu. Magari mengi ya siku hizi yana mfuko wa hewa uliofichwa katika dashibodi mbele ya abiria huyo. Gari likigonga kwa nguvu, kompyuta yake hupeleka umeme kwenye kiwashio, na mfuko hujaa gesi mara moja.

Gari liwashwapo, kompyuta huipima njia hiyo ya umeme. Ikiona kasoro huwasha taa ya onyo na kuhifadhi namba ya hitilafu. Tangu hapo mfuko huenda usifunguke siku ya ajali.

Namba hutaja njia yenye kasoro. Haitaji kifaa cha kununua. Katika magari mengi ya Toyota, B1805 ni shoti katika njia ya mfuko wa abiria, B1806 ni njia iliyokatika, B1807 ni waya uliogusa bodi, na B1808 ni waya uliogusa umeme wa betri. Chanzo chaweza kuwa soketi iliyolegea tu.

Utaratibu wa fundi ni huu:

1. Asome namba zote kwa mashine na kuziandika kabla ya kuzifuta.

2. Azime gari, atoe waya hasi wa betri, angoje angalau sekunde 90, au zaidi mtengenezaji akiagiza.

3. Akague soketi za manjano na waya zake.

4. Achomoe mfuko, aweke mahali pake rezista ya omu 2 hivi, kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Arudishe betri, afute namba na kupima tena. Namba isiporudi, kasoro imo mfukoni. Ikirudi, imo katika waya au kompyuta.

Kamwe asiupime mfuko wenyewe kwa mita ya omu. Umeme mdogo wa mita waweza kuulipua.

Kufuta namba bila matengenezo, au kung'oa balbu ya taa, ni sawa na kufuta tofauti katika daftari la fedha bila kutafuta vocha. Kamati isiidhinishe mfuko mpya kabla ya kupokea taarifa ya vipimo kwa maandishi.

Maswali ya kujadili:

(a) Je, taa ya onyo ya gari lenu huwaka na kuzimika kama ipasavyo?

(b) Nani hutunza taarifa za fundi?