Dawa ya kisima usiimwage, ining'inize

Mwenye kisima cha ndoo pale Daraja Mbili, Arusha, akishtuliwa na mvua za masika, mara nyingi humwaga klorini yote kwa mkupuo. Leo maji hayanyweki kwa harufu. Siku chache baadaye dawa imekwisha, na uchafu wa choo cha jirani bado unapenya. Kisima kinachotekwa kila siku kinataka dawa itoke kidogo kidogo.

Tafuta vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine. Cha ndani kiwe na kimo cha sentimita 30 na upana wa 25. Toboa kila kimoja tundu la sentimita 1: cha ndani upande wa juu, cha nje karibu na kitako. Changanya kilo 1 ya klorini ya unga na kilo 2 za mchanga mnene, nyunyizia maji kidogo, kisha jaza chungu cha ndani hadi sentimita 3 chini ya tundu. Kitumbukize katika cha nje, funga mdomo kwa nailoni, shusha mita 1 chini ya usawa wa maji. Kamba iwe ya nailoni, maana waya utaliwa. Kisima cha lita 4,500 kinachotekwa madumu kama 20 kwa siku, dawa hiyo itakitosha wiki 2 hadi 3.

Kipimo hicho ni cha unga wa asilimia 25 hadi 35. Ule mkali wa asilimia 65 au 70 usiutumie kwa uzito huohuo. Changanyia nje, vaa glavu, na usiikutanishe klorini kabisa na dawa ya kusafishia choo: hewa itakayotoka ni sumu. Maji yakiwa na tope, yateke kwanza mpaka yatoke maangavu, kwani tope hula klorini.

Ila klorini haigusi floridi, na maji ya Meru, mlima wa volkeno wa hapo Arusha, yanajulikana kwa floridi. Kuchemsha ndiko kunaikoleza. Kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto kimefanyia kazi uchujaji wake kwa mkaa wa mifupa. Kabla hujamnywesha mtoto, peleka maji yapimwe. Floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kisima hicho kibaki cha kufulia na kuogea.