SOMO LETU: Pikapu ya Kikundi, Trela ya Maji na Mifuko ya Upepo



Safari hii somo letu ni la gari. Kina mama, msiruke ukurasa huu mkisema hayo ni mambo ya madereva. Pikapu iliyonunuliwa kwa pesa za kikundi ni ya wote, na ikivunjika, mkopo unaendelea kulipwa na wote.

Kikundi kimoja cha maji huko Ukambani kilituita wakati wa kiangazi. Wana pikapu ya springi za vyuma na trela ya magurudumu mawili yenye tangi la lita 1,000. Tangi likijaa, pikapu inakaa chini nyuma kama mbwa aliyeketi. Usiku taa zinamulika vilele vya miti, na dereva anasema usukani umekuwa mwepesi ajabu. Basi mtu mmoja kutoka mjini akawaambia watie mifuko ya upepo huko nyuma, halafu wataweza kuvuta lita 2,000. Katibu alikuwa ameshaandika kwenye minitsi: "kuongeza nguvu ya gari". Tuliwaomba wangoje kidogo tuhesabu pamoja.

Maji ya lita 1,000 ni kilo 1,000. Trela na tangi tupu ni kama kilo 500. Jumla, kilo 1,500. Trela ikipakiwa sawasawa, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukalia ndoano ya pikapu. Tuchukue 10: kilo 150. Mtu atasema hiyo si kitu, ni watu wawili tu walioshiba. Lakini ndoano haiko juu ya ekseli, iko nyuma yake, na hapo mambo yanageuka kama bembea ya watoto. Tulipima kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma tukapata mita 3, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano mita 1.2. Chukua 150 mara 4.2, gawanya kwa 3. Ekseli ya nyuma inabeba kilo 210 za ziada, si 150. Zile 60 zimetoka wapi? Zimenyang'anywa magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi.

Sasa mifuko yenyewe. Si ile inayofura mbele ya dereva gari linapogonga. Hii ni mifuko miwili ya mpira mgumu, mmoja kila upande, inayofungwa kati ya ekseli ya nyuma na chesisi, mara nyingi mahali pa kile kipande cha mpira kinachozuia ekseli isigonge juu. Inajazwa upepo kwa pua kama ya tairi. Ukiwa na mzigo unajaza, ukishusha unapunguza, na hapo ndipo inaishinda springi iliyoongezwa chuma, ambayo inarusha watu siku zote hata gari likiwa tupu. Ikitiwa vizuri, gari linasimama sawa, taa zinashuka barabarani na nyuma haigongi-gongi kwenye mashimo.

Lakini sikieni vizuri. Mfuko unainua nyuma, hauongezi hata kilo moja kwenye uzito ambao gari limeruhusiwa. Ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile, breki ni zile zile. Tazameni ubavuni mwa tairi: namba 112, kwa mfano, maana yake tairi hiyo inabeba kilo 1,120 na si zaidi. Hata zile kilo 60 za mbele hazirudi kwa kujaza upepo. Gari litaonekana limenyooka, na huo ndio mtego wake, kwa sababu ile dalili ya kulala nyuma iliyokuwa ikituonya imefichwa.

Kuna jambo la chesisi pia. Springi ya vyuma imeshika chesisi mahali pawili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko unasukuma mahali pamoja tu, katikati. Mzigo na trela vinavuta chini huko mwisho, mfuko unasukuma juu hapo kati, na kila shimo ni kama kupinda waya huku na huku. Huko Australia, ambako watu huvuta karavani kwenye barabara mbovu za bara, zipo pikapu za milango minne zilizopinda chesisi nyuma ya kebini, na mafundi wa huko hutaja uzito uliopita kiasi pamoja na mifuko iliyojazwa mno.

Tena springi haibebi tu, ndiyo inayoshika ekseli isihame. Kile chuma cha kwanza chenye macho mawili kikikatika, mfuko hauwezi kushika ekseli hata ukijazwa namna gani. Fundi alipolala chini ya pikapu ya hawa wenzetu alikuta ufa hapo hapo. Hebu fikirieni wangejaza upepo juu ya ufa huo.

Kwa wale ambao mzigo wao uko ndani ya kipimo na bado wanataka mifuko, fanyeni hivi. Kabla ya kufunga trela, pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, mbele na nyuma, mkaandike. Fungeni trela iliyojaa, kisha jazeni kidogo kidogo, hata kwa pampu ya mkono, maana mfuko ni mdogo. Msipite kile kipimo cha kwanza cha nyuma. Karatasi ya mifuko itawaambia kiwango cha chini na cha juu; mingi haitakiwi kushuka chini ya pauni 5 kwa inchi ya mraba hata gari likiwa tupu, isije ikajikunja na kukatika. Kila mfuko uwe na pua yake. Ikiunganishwa, kwenye kona upepo unakimbilia upande wa pili na gari linalala zaidi. Mpira wa upepo usipite karibu na ekzosi. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio kila wiki, mapovu yakitokea, upepo unatoka.

Na uzito wa ndoano utapimwaje? Chukueni ubao imara na mizani ya zahanati. Ncha moja ya ubao ikae juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, ubao ukiwa sawa. Shusheni mdomo wa trela, iliyojaa na ikiwa imelala sawa, sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani. Mnachosoma zidisheni kwa tatu. Ondoeni kwanza uzito wa ubao, na wekeni mawe kwenye magurudumu ya trela, tafadhali.

Tumeacha la mwisho liwe zito zaidi. Trela ya wenzetu haikuwa na breki zake. Pikapu nyingi, kitabu chake kinasema trela isiyo na breki isipite kilo 750. Kwa hiyo hata zile lita 1,000 zilikuwa zimepita mara mbili. Mwenyekiti hakufurahi. Alisema wamevuta miaka mitatu bila ajali, na foleni ya mitungi kijijini haingoji hesabu. Tunamwelewa, tuliiona foleni hiyo. Mama mweka hazina ndiye aliyeuliza ni nani atakayemlipa mjane wa dereva. Wakakubaliana kutengeneza springi kwanza, trela ipumzike hadi ifungwe breki, na kwa sasa wabebe lita 700 kwenye pikapu yenyewe, ambayo ni ya tani moja, wakiongeza safari. Mifuko ya upepo imeahirishwa.

Kwenye mkutano wenu ujao, someni kitabu cha gari kwa sauti, mahali panapotaja uzito. Kisha jadilini: Trela yetu ina breki? Bima inajua kwamba tunavuta? Nani kati yetu ana ruhusa ya kumwambia dereva, "Leo hatuendi"?