Mtoto, Dumu na Bomba la Mafuta

Mji mdogo wa Mackinnon Road uko kati ya vituo viwili vya kusukuma mafuta, Samburu na Maungu. Bomba la kwanza kutoka Mombasa hadi Nairobi limepita ukanda huu tangu mwaka 1978, na jingine lililo pana zaidi lilianza kazi 2018. Ndani yake mnapita petroli, dizeli, mafuta taa na mafuta ya ndege, na juu ya ardhi matanka hupita barabara kuu. Mzazi akitajiwa hatari ya mafuta, huwaza moto, na ana sababu: Sachang'wan, Januari 2009, na Sinai mjini Nairobi, Septemba 2011, kila pahali watu mia moja hivi au zaidi walikufa kwa moto, wengi wao wakiteka petroli iliyomwagika. Mtoto afundishwe mapema kwamba tanka likipinduka anakimbia kuelekea upepo unakotoka, wala harudi kutazama. Lakini moto huja kwa nadra, na mafuta humfikia mtoto kila siku kwa pua, kwa ngozi na kwa kinywa. Kwa hiyo kinga ianzie nyumbani, kwenye dumu.

Petroli ina benzini, kemikali ambayo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeithibitisha kuwa husababisha saratani ya damu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama mitaroni na vyumbani visivyo na dirisha. Mtoto ni mfupi, pua yake iko karibu zaidi na mvuke huo, na kwa kila kilo ya mwili wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Ndiyo maana petroli isiwekwe kamwe katika chumba wanamolala watoto, hata ikiwa ya bodaboda na ni ya usiku mmoja tu. Moshi wa dizeli nao uliwekwa mwaka 2012 katika orodha ileile ya visababishi vya saratani. Wanafunzi wanaosubiri kuvuka barabara wasisimame nyuma ya malori yaliyoegeshwa huku injini zikinguruma.

Katika nchi kavu kama hii, maji hununuliwa kwa dumu, na dumu halitupwi. Hapo ndipo penye hatari kubwa ya nyumba nyingi. Plastiki hufyonza mafuta, na sabuni haiyaondoi yote. Yatarudi kwenye maji kidogo kidogo. Atakayesema dumu jipya ni ghali hasemi uongo. Lakini dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia lasafishika na latosha kwa maji, na lililowahi kutiwa petroli, dizeli au oili chafu lipigwe alama ya rangi na libaki la kazi hiyo hadi mwisho wake. Mafuta taa yasitiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto aliyetoka shuleni na kiu haulizi. Huinua na kunywa. Ikitokea, msimtapishe wala msimpe maziwa, kwa sababu akitapika mafuta huingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mvueni nguo zilizolowa, msafisheni ngozi kwa sabuni, mpelekeni kituo cha afya mara moja hata kama anacheka na kucheza. Kikohozi na kuhema kwa kasi vyaweza kuchelewa saa kadhaa.

Wapo wanaosema bomba limekuwapo miaka yote hii na hakuna aliyedhurika. Watu wa Thange, kaunti ya Makueni, nao waliishi na bomba lilelile la zamani, hadi mwaka 2015 ilipogunduliwa kwamba mafuta yamevuja chini ya ardhi na kuingia mtoni, kwenye maji waliyotegemea. Miaka kumi ilipita kabla mahakama kuamuru walipwe fidia. Funzo lililo zito kwa wazazi ni kwamba uvujaji huweza kutangulia harufu, na pua ikizoea harufu haionyi tena. Kuchemsha, dawa yetu ya kipindupindu, hapa si dawa: hujaza mvuke jikoni na kuyaacha mafuta mazito sufuriani. Maji ya lambo au kisima yakionyesha utando wa rangirangi au ladha ya mafuta, yasinywewe, yasipikiwe, wala mtoto asiogeshwe kwayo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mzazi anatwishwa kazi ya mwenye bomba. Ni kweli kwamba uvujaji si kosa la mama mwenye dumu, na kijitabu hiki hakimwondolei mtu mwingine wajibu wake. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba ameumia yeye mwenyewe. Haki hiyo hudaiwa kwa ushahidi. Mkitilia shaka maji ya shule, mwalimu mkuu na wazazi wayachukue katika chupa safi ya kioo, waijaze pomoni na kuifunga, waandike tarehe na mahali, waiweke baridini, kisha wampelekee upesi afisa wa afya ya umma na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wakitaka kwa maandishi ipimwe benzini.