Ubao Wenye Jina la Kuazima

Watoto, katika misitu ya Kongo uko mti mrefu uitwao lifaki-muindu. "Muindu" ni neno la Kilingala, maana yake nyeusi. Wafanya biashara wa Ulaya waliuita jozi ya Afrika. Je, ni jozi kweli? Hapana. Jozi ya kweli huota katika nchi zenye baridi, nayo huzaa kokwa za kuliwa. Lifaki-muindu ni ndugu ya mkangazi. Tunda lake hukauka na kupasuka, na mbegu zake zenye bawa huchukuliwa na upepo. Jina waliliazima kwa sababu ya ubao tu.

Tazama ubao huo. Pembeni ni mweupe. Ndiyo sehemu changa ya mti, na wadudu huipenda. Ndani, moyo wa mti una rangi ya asali iliyoiva, na mistari myembamba myeusi. Si mzito sana: meta moja ya ujazo, ikiwa kavu, ina kilo 550 hivi. Msumeno hupita bila taabu. Randa ndiyo yenye matata, maana nyuzi za mti huu hupishana, hizi huku, nyingine kule. Randa butu huzing'oa. Basi seremala hunoa kwanza, kisha hukwangua kidogo kidogo. Karibu na ncha ya ubao hutoboa tundu kabla ya kupiga msumari, usije ukapasuka.

Ubao huu wafaa kwa kabati, meza, hata vitako vya bunduki. Usiusimamishe udongoni kama nguzo, utaoza. Kwa kazi hiyo tafuta moyo wa mvule.

Sasa sikilizeni jambo linalogombanisha watu. Mchimbaji wa Kamituga ameuza dhahabu yake, ananunua meza. Seremala ana haraka, ametumia ubao mbichi. Siku ya kwanza meza yapendeza. Baada ya miezi michache maji ya ndani yametoka, ubao umesinyaa, nyufa zaonekana, miguu yacheza. Fedha imekwisha, na mti hauna kosa.

Mbao mbichi hupangwa kivulini, zimeinuliwa juu ya ardhi, na vijiti kati yake ili upepo upite. Seremala mwangalifu hupima ubao mmoja kwa mizani na kuandika uzito wake. Baada ya juma moja huupima tena. Kama uzito umepungua, ubao bado una maji, naye huurudisha kivulini.

Maswali
1. Kwa nini lifaki-muindu si jozi ya kweli?
2. Sehemu gani ya ubao huliwa na wadudu?
3. Vijiti vina kazi gani kati ya mbao?