Ubao wa Sauti wa Piano: Mbavu au Mbao, Nani Abebe Mzigo?

Chini ya nyuzi za piano kuna ubao mwembamba wa sprusi, unene wake milimita 8 hivi, unaogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa sauti ya kujaza ukumbi. Ubao huo umebinuka kidogo katikati. Fundi wa piano anajibu maswali kuhusu mbinuko huo.

Kwa nini ubao ubinuliwe? Si ungetetema hata ukiwa bapa?

Ungetetema. Tatizo ni mzigo. Nyuzi za piano kubwa ya tamasha huvuta kwa nguvu inayokaribia tani 20. Sehemu kubwa hubebwa na fremu ya chuma, lakini nyuzi zinapopita juu ya daraja huligandamiza chini, na daraja limebandikwa kwenye ubao. Ubao uliobinuka husukuma juu kupingana na mzigo huo, hivyo mtetemo hupita vizuri. Mbinuko wenyewe ni wa milimita chache tu. Jicho la mgeni halitauona.

Viwandani hubinuliwa vipi?

Kwa njia mbili kuu. Ya kwanza hutegemea ubao wenyewe. Hukaushwa hadi unyevu wake ufike asilimia 4 au 5, kisha chini yake hubandikwa kwa gundi mbavu, yaani fito za mbao, zilizonyooka, zikikatiza nyuzinyuzi za mbao. Ukirudi kwenye hewa ya kawaida, ubao hunywa unyevu na kutaka kutanuka kwa upana. Mbavu, ambazo kwa urefu hazitanuki karibu hata kidogo, huuzuia upande wa chini, basi ubao hubinuka kuelekea juu. Steinway wa New York hutajwa sana kwa njia hii.

Ya pili hutegemea mbavu. Huchongwa zikiwa na upinde tayari, mara nyingi wa duara lenye nusukipenyo cha mita 18 hivi, na ubao ambao haukukaushwa sana hubandikwa kuufuata. Watengenezaji wengi huchanganya zote mbili.

Ipi ina sauti tamu zaidi?

Kinachosikika ni ugumu na uzito wa ubao, vyovyote ulivyobinuliwa. Ukiwa mgumu au mzito mno, noti huanza kwa unyonge ingawa hudumu. Ukilegea mno, noti hulipuka na kufa papo hapo, hasa zile za juu. Ustadi ni kupata kadiri yake, na njia zote mbili hufika huko. Wapenzi wa njia ya kwanza husifu uchangamfu wa sauti yake. Mimi nimekutana na piano changamfu za kila upande. Ila kwa njia ya pili mbunifu anaweza kupima kila ubavu, kwa hiyo piano za aina moja hazipishani sana.

Na uimara?

Hapo tofauti ni kubwa. Katika njia ya kwanza, ubao huishi umebanwa siku zote. Unyevunyevu ukizidi, nyuzinyuzi za mbao hupondeka, wala hazirudi zilivyokuwa. Kiangazi kikija, ubao husinyaa kupita upana wake wa awali, mbinuko hupungua, na nyufa hutokea. Mbavu zenye upinde nazo hulegea kwa miaka, lakini polepole zaidi, na ubao hauteseki kiasi hicho.

Sisi wa pwani tufanyeje?

Kwenye unyevunyevu wa hewa wa asilimia 42 hivi, mbao hutulia zikiwa na unyevu wa asilimia 8. Hewa ikifika asilimia 80, jambo la kawaida Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, mbao hukaribia asilimia 16. Umeona mlango wa mbao unavyogoma kufunga msimu huo. Ubao wa piano nao unataka kutanuka vivyo hivyo, ila hauna pa kwenda. Kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka: kiyoyozi mchana, madirisha wazi usiku. Nunua kipima unyevunyevu kwanza, kisha uchague hali moja na uishikilie.

Piano yangu ya zamani ina ufa. Imekufa?

Huenda haijafa. Ufa usioleta mkwaruzo hausikiki. Vuta uzi chini ya ubao, sambamba na ubavu mrefu kuliko zote, uone kama katikati pamebaki nafasi. Hata ikikosekana, piga noti za juu: zikidumu, piano bado inafaa. Kuziba ufa huondoa mkwaruzo, lakini hakurudishi mbinuko.

Nikinunua, nichague ipi?

Kwa chumba kinachodhibitiwa hewa mwaka mzima, fuata sikio lako. Kwa nyumba ya kawaida ya pwani, uliza kama mbavu zilichongwa zikiwa na upinde. Kwa kanisa au shule yenye madirisha wazi, ningechukua ubao wa tabaka zilizogundishwa: sauti yake ni ya wastani, lakini haupasuki kwa urahisi, na kwaya itaimba nayo miaka mingi.