Punguzo la Bei na Ndoo ya Jumuiya



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Mpale, Korogwe. Jumuiya yetu ilikuwa imekubaliana jambo: ukienda kununua mahitaji ya nyumbani ukapunguziwa bei, ulichookoa unatia kwenye ndoo ya matendo ya huruma. Iwe sabuni, sukari au shilingi 200, vyote vinapokelewa. Nikasema hizi ndizo kuponi zetu. Marekani kuna waumini wanaokata kuponi, wananunua makopo mawili kwa bei ya moja, kopo la pili linaenda ghala la chakula la parokia kwa ajili ya maskini. Sisi kuponi hatuna, ila mdomo tunao.

Basi nikaenda gulioni na hela ya mama. Nyanya za 1,000 nikazipata kwa 700. Maharage nayo nikayashusha. Kwa bibi mmoja muuza bamia nilibishana mpaka akachoka: "Haya chukua, mjukuu wangu, jua lenyewe linazama." Jioni nikatia 1,200 kwenye ndoo, roho kwatu.

Wiki iliyofuata vikagawiwa vitu. Yakasomwa majina ya kaya zenye shida. Jina la tatu lilikuwa la yule bibi wa bamia. Akapewa sukari kilo moja, akashukuru kwa magoti.

Jamani, nimesoma falsafa miaka yote ile na hilo sikuliona! Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kuliona. Hati yake juu ya utume wa walei, Apostolicam Actuositatem ya mwaka 1965, namba 8, inafundisha kwamba madai ya haki yatangulie, tusije tukampa mtu kama zawadi ya upendo kitu ambacho kwa haki ni chake. Hela ya bamia ilikuwa yake. Niliichukua kwa maneno, ikamrudia kama msaada, na mimi nikahesabiwa mkarimu.

Je, kuomba punguzo ni dhambi? Hapana. Mara nyingi muuzaji anataja bei akijua itashuka. Na duka la jumla likikuuzia sabuni nafuu kwa katoni, hiyo ni halali kabisa: changeni watano, mgawane, miche miwili iende kwenye ndoo. Lakini anayekubali kwa sababu giza linaingia na hajauza kitu, huyo hukumwomba punguzo, umembana.

Someni Walawi 19:9-10. Mwenye shamba anaambiwa asivune mpaka kingoni, awaachie maskini na wageni. Kingo zenyewe ni za shamba lake, si za jirani.

Kwa hiyo sasa, kabla sijatoka nyumbani, nafuta kitu changu kimoja kwenye orodha. Soda, biskuti, wakati mwingine bando (hilo linauma). Hela yake ndiyo inaenda kwenye ndoo. Kwa bibi nalipa bei anayotaja.

Jumamosi ya mwisho wa likizo nilimlipa hivyo, akaniongezea bamia kiganja kizima. Nikataka kukataa. Akanikazia macho, nikafungua mfuko.