Mama Akiitwa Tena Baada ya Picha ya Matiti

Huenda unaposoma ukurasa huu kuna karatasi umeificha kabatini chini ya vitenge. Ulikwenda kupigwa ile picha ya matiti iitwayo mamografia, ukarudi nyumbani ukasonga ugali kama kawaida. Siku chache baadaye simu ikalia: rudi hospitalini, daktari anataka kuangalia tena. Tangu hapo hulali vizuri, na baba watoto hajui lolote. Unajiambia, "Nisimtie wasiwasi kabla sijajua." Nia yako ni njema, mama, lakini siku zinapita, na karatasi iliyo chini ya vitenge haiwezi kukupeleka kwa daktari.

Hebu tuanze na jambo litakalokupunguzia hofu. Kuitwa tena si hukumu. Huko Marekani, ambako wanawake wamepimwa hivi kwa miaka mingi, kati ya kila 100 wanaopigwa picha, kama 10 huitwa tena, na walio wengi kati yao hawapatikani na saratani. Pengine nyama ya titi ililaliana wakati wa kubanwa. Pengine ni kifuko cha maji tu, au uvimbe usio na madhara. Hata poda au dawa ya kwapani yaweza kuonekana pichani kama vidoadoa, na kwa hiyo siku ya kurudi usijipake kitu kifuani wala kwapani.

Katika ripoti tafuteni herufi BI-RADS na tarakimu iliyo mbele yake. Sifuri maana yake picha haikutosha, waongeze nyingine. Moja na mbili hazina la kutisha. Tatu ni kwamba inaelekea sana si saratani, kwani uwezekano wake hauzidi 2 kwa 100, na kwa kawaida mtaambiwa mrudi baada ya miezi 6. Nne huwachanganya watu wengi: ni shaka ya kutosha kuchukua kipimo cha nyama, lakini ndani yake wamo wenye shaka ndogo na wenye shaka kubwa, basi mwulizeni daktari mko upande gani. Tano ni shaka kubwa sana. Hata hapo, picha peke yake haitoshi kumwambia mtu ana saratani.

Kwa hiyo hatua huwa hivi. Kwanza hupigwa picha nyingine za mahali palepale palipotiliwa shaka, na mara nyingi kipimo cha mawimbi ya sauti, kama kile cha mama mjamzito, ambacho hutofautisha maji na uvimbe mgumu. Chukueni picha zenu za zamani kama zipo. Daktari akilinganisha akaona doa lile lilikuwapo miaka mitatu iliyopita bila kubadilika, huenda safari ikaishia hapo. Lakini kama wewe mwenyewe unashika uvimbe kwa mkono, usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu picha ni safi. Uvimbe huo uchunguzwe.

Shaka ikibaki, huja kipimo cha nyama, yaani biopsi. Mara nyingi hutumika sindano nene baada ya kutiwa ganzi, na mama hurudi nyumbani siku hiyohiyo, titi likiuma na kuvilia damu kidogo. Mahali pengine familia hukabidhiwa chupa iipeleke maabara yenyewe. Hakikisheni jina limeandikwa na upande wa titi umetajwa, wala msimwage dawa iliyomo. Ulizeni majibu yatatoka lini na nani atawapigia. Wakisema hakuna saratani ilhali picha ilitia shaka kubwa, ulizeni kama majibu hayo mawili yanapatana au kipimo kirudiwe. Wakisema ipo, ulizeni vipimo vya homoni na vya HER2, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoonyesha dawa ipi itafaa.

Sasa niseme na wewe, bwana. Utasikia kwa jamaa kwamba sindano huamsha saratani ikatambaa mwilini. Si kweli. Naelewa lilikotoka: watu wamewaona majirani waliokwenda hospitali wakiwa wamechelewa, wakapimwa, wakafa, na lawama ikaangukia sindano. Kilichowaua ni ile miezi ya kungoja. Hapa Kenya makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti, na wengi hufika hatua za 3 na 4. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba tangu mtu afike kwa daktari hadi ajue ugonjwa wake zisipite siku 60. Hesabuni siku zenu kwa kipimo hicho. Kuombewa ni kwema, lakini tarehe ya hospitali isisogezwe kwa ajili yake.

Fedha ni shida ya kweli. Kabla ya siku yenyewe, nenda wewe ukaulize hospitalini ni kipi kitakacholipwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na ni kipi mtakachotoa mfukoni. Afadhali kujua mapema na kuuza mbuzi kwa bei nzuri kuliko kuuza kwa haraka.

Lipo jambo zito kuliko fedha, ambalo mkeo hatalisema. Wako akina mama wasioogopa kufa kama wanavyoogopa kuachwa. Anawaza: nikikatwa titi, ataniangalia tena? Usingoje majibu ndipo umjibu. Ahadi mliyopeana altareni ilitaja maradhi waziwazi. Mkumbushe leo, kwa maneno yako mwenyewe, kisha omba ruhusa kazini uende naye. Mtu mwenye hofu husikia nusu tu ya anayoambiwa na daktari, kwa hiyo wewe ushike kalamu uandike. Na mama mkwe au majirani wataambiwa pale mkeo atakapopenda yeye, si kabla.

Watoto wakishalala jioni hii, itoeni karatasi ile kabatini mwisome pamoja. Kama tarakimu ni 4 au 5, kesho asubuhi pigeni simu mwombe siku ya kipimo. Kama ni 3, chukueni ile kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani, mhesabu miezi 6, na mzungushie tarehe hiyo duara kwa wino mwekundu.